Naishi na mtu anayebishana na mtandao mzima. Sasa kamuingiza mama yangu humo. Kodi inaisha Desemba 31, niongeze au nihame?

#1 Mpangaji wa Msewe

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba uzi ubaki hapa hapa, sileti siasa, naleta mambo ya nyumba.

Nakaa Msewe, Ubungo, vyumba viwili na sebule, tangu Februari 2022. Kodi ni laki mbili na nusu kwa mwezi, tunalipa miezi sita sita, kila mtu nusu yake. Ninayekaa naye tulisoma wote sekondari, baadaye yeye akaenda chuo, mimi nikaingia kazini. Hanywi, haleti watu usiku, vyombo anaosha, na hela ya kodi hajawahi kuichelewesha hata siku moja. Natanguliza haya ili mjue sijaja kumchafua.

Shida ni kwamba huyu bwana yuko mtandaoni tangu anafumbua macho mpaka anafumba, na huko kazi yake ni moja: kwenda kinyume na wengi. 2023 wakati wa sakata la bandari, Bunge limeridhia makubaliano na Dubai tarehe 10 Juni, watu wote anaowafuata wanapinga, yeye akawa anatetea mpaka alfajiri, vifungu anavitaja kwa namba. Oktoba mikataba na DP World, ile kampuni ya bandari ya Dubai, ikasainiwa Dodoma, watu wameshaanza kupoa, hapo ndipo yeye akaanza kuipinga. Nikamuuliza, ndugu yangu, wewe uko upande gani? Akasema, "Upande usiosikilizwa."

Yakiishia kwenye simu yake mimi hayanihusu. Lakini yamehamia mezani. Tukiangalia taarifa ya habari simsikii mtangazaji, namsikia yeye. Mgeni wangu akisema jambo, jamaa anaacha kula, anaweka kijiko chini, "hapana, hapo umekosea." Wawili hawaji tena.

Mapema Oktoba mama alikuja kutibiwa mtoto wa jicho. Nilimpisha chumbani, mimi nikalala sebuleni. Tarehe 14, siku ya Nyerere, redio inazungumzia vijiji vya ujamaa. Mama ni wa Iringa vijijini. 1974 alikuwa na miaka kumi na moja walipohamishwa kwenda kwenye vijiji hivyo. Akaanza kusimulia taratibu, maana si mtu wa maneno mengi: lori lilivyokuja, paa lao lilivyoezuliwa ili wasirudi, babu yangu alivyorejea usiku peke yake kulifuata jiwe la kusagia, akalibeba begani mpaka kijiji kipya, akafika kumekucha.

Jamaa akamwambia, "Lakini mama, bila vile vijiji shule mngeipatia wapi?" Wiki ile huko kwao mtandaoni watu walikuwa wanamlaumu sana Mwalimu, kwa hiyo yeye alikuwa zamu ya kutetea. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Shule niliipata, mwanangu. Nyumba ya baba yangu ndiyo sikuiona tena."

Usiku ule ule akayaweka yote mtandaoni. Jina hakutaja, aliandika "mama mmoja wa Iringa". Kulikucha andiko limesomwa na maelfu. Nusu wanasema mama huyo hayupo, ametungwa. Nusu wanamtukana kwamba hana shukrani. Binamu yangu wa Makambako akalitambua lile jiwe, maana ukoo mzima unalijua, akampigia mama.

Mama aliniuliza kitu kimoja tu: "Maneno niliyosema nikiwa na bakuli la uji mkononi yamefikaje Makambako?" Sikuwa na jibu. Akaondoka siku tatu kabla ya miadi yake ya pili ya macho.

Mwenye nyumba anataka kujua kabla ya tarehe 15 kama tunaongeza. Nishaurini. Na anayeelewa hii tabia inatoka wapi aniambie, maana huyu mtu namjua tangu ana miaka kumi na nne na hakuwa hivi.

#2 Kijiko cha Chai

Naweka kambi. Swali: ana kazi?

#3 Mpangaji wa Msewe

Anayo. Anaandaa nyaraka za zabuni na kutafsiri, kazi za kompyuta, anafanyia nyumbani. Kuna mwezi ananizidi kipato. Lakini hatoki. Inaweza kupita wiki hajavuka barabara.

#4 Nyanda wa Kahama

Mkuu usisumbuke kutafuta sababu, hiyo ni hela. X (Twitter ya zamani) wanalipa siku hizi, na ugomvi ndio unaolipa. Ukikubaliana na watu hakuna anayekujibu. Ukiwakera wanajaa. Mama yako amegeuzwa mtaji.

#5 Karani Mstaafu

#4 umesema kweli nusu. X walianza kugawa mapato 2023, ila masharti yake si mchezo. Lazima uwe na akaunti ya kulipia na machapisho yako yaonwe mara milioni 5 ndani ya miezi mitatu. Mleta mada, jamaa ana tiki ya bluu?

#6 Mpangaji wa Msewe

Hana. Ana wafuasi elfu tatu na kidogo. Hajawahi kupata hata mia.

#7 Mama Wawili Tabata

Nimesoma mpaka pale pa bakuli la uji nikaweka simu chini. Baba, hama. Mimi ni mama, nakwambia kama ningemwambia wa kwangu. Mzazi ameacha matibabu kwa sababu ya mtu wa nyumba yako. Hapo hakuna cha "namjua tangu zamani". Huyo mwenzako yeye hana mama?

Na macho ya mama umeyafuatilia? Hilo ndilo la kwanza, la kodi baadaye.

#8 Mpangaji wa Msewe

Asante mama. Nimempatia miadi ya marudio huko huko mkoani wiki ijayo. Nitampeleka mwenyewe.

#9 Kinyume Nyume

Mimi naona tofauti na wote. Mleta mada, mwenzako hakusema uongo hata neno moja. Hakumtaja mama. Aliandika kitu kilichompata mama kweli, na maelfu wamekijua leo ambao shuleni hawakufundishwa. Nyumba ambayo kila mtu anaitikia "ndiyo mzee" mimi nimekulia humo na najua gharama yake. Tunao watu wachache sana wanaothubutu kusema hapana mezani, na tukiwapata tunawafukuza.

#10 Kijiko cha Chai

#9 karibu. Chumba chako Msewe ni cha kulia au cha kushoto?

#11 Kinyume Nyume

Ha! Mimi ni mwanamke, niko Singida, nina watoto watatu. Jibuni hoja.

#12 Mama Wawili Tabata

Hoja naijibu. Mwanangu akija hapa akaniuliza, "Mama, naweza kuwaambia wengine hili?" nitamwambia ndiyo au hapana. Hajaniuliza. Ukweli wa kwangu si wa kila aliyeketi mezani kwangu.

#13 Mbishi wa Zamani

Mleta mada umeuliza tabia inatoka wapi. Naweza kukujibu kwa upande wangu kwa sababu nilikuwa yeye, kuanzia 2019 mpaka 2022, chumba kimoja Mabibo.

Watu watakwambia kiburi, watakwambia hela. Kwangu lilikuwa bando la usiku. Nilitoka chuo, kazi hakuna, mchana bando ghali, kwa hiyo nilikuwa nalala mchana na kuamka saa sita usiku bando la bei nafuu likianza. Fikirieni mtu anaishi hivyo miaka mitatu. Watu wa saa tisa usiku mtandaoni ni wa aina moja, nao ndio walikuwa jamaa zangu. Spesi, ile mijadala ya sauti ya mtandaoni, zinaanza saa saba, mnabishana mpaka adhana ya alfajiri, kisha unalala na hasira kichwani. Ukiamka jioni unamkuta mwenzako amerudi kazini kachoka, anakusalimia, na wewe bado uko kwenye ule mjadala. Unamjibu yeye majibu ya mtu mwingine.

Na kingine. Nilituma maombi ya kazi yasiyopungua mia, majibu nilipata manne. Nikiandika kitu watu wanakubaliana nacho, kimya. Nikiandika wanachokichukia, najibiwa na watu mia mbili kabla sijanywa maji. Kujibiwa, wakuu. Msilidharau hilo neno kama hamjawahi kukaa miezi bila kujibiwa na mtu yeyote.

Simtetei. Nilimpoteza rafiki ambaye tulikuwa tunakula sahani moja, na mpaka leo simu yangu hapokei.

#14 Mpangaji wa Msewe

#13 umenigusa sana, ndugu. Naye ana bando la usiku. Namsikia kupitia ukutani. Nilikuwa nadhani anaongea na mchumba.

#15 Nyanda wa Kahama

Lakini huyu ana kazi, Mbishi hakuwa nayo. Kwa hiyo maelezo ya #13 hayamfiti.

#16 Mbishi wa Zamani

Ana kazi lakini hana watu. Soma #3. Hajavuka barabara wiki nzima.

#17 Mkwawa Junia

Tuache hayo ya bando, hapo pa Iringa ndipo pazito. Watu wa Iringa walikataa vijiji mpaka damu ikamwagika. 1974 huko Isimani mkulima alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Kleruu, kwa ajili ya hiyo hiyo operesheni. Jamaa angejua hilo asingemjibu mama vile.

#18 Karani Mstaafu

#17 rekebisha. Dk. Wilbert Kleruu aliuawa Isimani siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, na mkulima Said Mwamwindi. Wakati huo ugomvi ulikuwa mashamba ya ujamaa, kulima kwa pamoja kwenye eneo la wakulima wakubwa wa mahindi. Amri ya wote kuishi vijijini Mwalimu aliitoa Novemba 1973, na akaweka mwisho 1976. Hayo ya mama wa mleta mada, 1974, ndiyo Operesheni Vijiji yenyewe. Ni mambo mawili yaliyofuatana, usiyachanganye.

#19 Mkwawa Junia

Nimekuelewa mzee, shukrani. Babu alikuwa anayasimulia kwa pamoja, nikadhani ni mwaka mmoja.

#20 Shangazi wa Kalenga

Hodi humu. Mimi ni wa 1959, kwa hiyo nilikuwa mkubwa kidogo kumzidi huyo mama. Mpe pole yangu, mwambie dada yako wa Kalenga anamsalimu.

Paa kuezuliwa ni kweli, nimeliona kwa macho yangu kwa majirani. Kwetu sisi walituacha kwa sababu tulikuwa karibu na barabara, kijiji kikatufuata. Ndiyo maana mimi nikisimulia naonekana kama naisifu ile operesheni, na dada yangu aliyeolewa ng'ambo ya mto akisimulia analia. Tumbo moja, mvua moja. Njaa ya mwaka ule nayo wengine wanasema ni vijiji, wengine wanasema ni ukame, maana 1974 na 1975 mvua zilikataa kweli. Mimi nasema vyote.

Kuhusu shule, huyo kijana ana ukweli na hana. Shule ya kijiji ilikuja kweli. Lakini ile ya kila mtoto kuandikishwa kwa lazima ilikuja 1977. Mtoto aliyehamishwa 1974 alikaa kwanza akichimba msingi na kubeba matofali. Angemuuliza mama angeambiwa yote hayo. Yeye alikuwa na jibu kabla hajauliza.

#21 Kijiko cha Chai

Shikamoo shangazi. Hiyo "jibu kabla hajauliza" naikopa.

#22 Shangazi wa Kalenga

Marahaba mwanangu. Chukua.

#23 Nyota ya Likoni

Salaam aleikum. Mie ni wa Mombasa, lakini 2024 nilikuwa Nairobi, twakaa South B na binamu yangu, mtoto wa mamangu mdogo. Hadithi ni ile ile. Mwezi wa sita, vijana wote wapinga Muswada wa Fedha, simu yote ni hilo, naye binamu akawa peke yake aliyesema muswada ni sawa, nchi yadaiwa, pesa itoke wapi. Sikuwa nasema naye. Nilihamishia mswaki wangu chumbani, kweli, ili tusikutane bafuni asubuhi.

Tarehe 25 vijana walipoingia Bunge, risasi zikalia mjini, mie nilikuwa nimekwama upande wa Ngong Road, magari hakuna. Aliyenijia kwa miguu ni yeye. Kesho yake Rais akasema hausaini ule muswada, mtaa wote washangilia, binamu yangu yuko kwenye foleni ya kutoa damu hospitalini kwa vijana wale wale aliowapinga. Akarudi jioni na plasta mkononi, akafungua simu, akaendelea kupinga.

Mpaka leo sijamwelewa. Lakini twakaa pamoja bado. Mleta mada, mtizame anavyofanya jambo likiwa zito, si anavyosema.

#24 Mpangaji wa Msewe

Nyota, umenifanya nieleze jambo ambalo sikuliandika kwenye #1.

Intaneti ilipozimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, tulikuwa wote ndani. Jioni ikatangazwa Dar kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili. Siku ya kwanza alishika simu, anaiweka, anaishika tena, kama mtu anayepapasa mfuko aliosahau kuwa hauna kitu. Siku ya pili akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa linavuja tangu Pasaka. Akapika. Jirani yetu mama mjane alikuwa hana unga, jamaa akapita uani kwa nyuma akampelekea. Usiku tulikuwa tunasikia milio kwa mbali, tumekaa chini sebuleni, taa tumezima, tunacheza drafti kwa mwanga wa mshumaa ili tusiwe tunasikiliza tu.

Usiku wa tatu akaniuliza, "Mama yako alikasirika sana?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Sikumtaja jina." Nikamwambia, jiwe ulilitaja. Hakujibu. Akapeleka kete.

Mtandao ukarudi baada ya siku tano hivi. Nilimsikia saa saba usiku, anabishana.

Ndiyo maana nimeshindwa kuamua, wakuu. Nimekaa na watu wawili.

#25 Mama Wawili Tabata

Hiyo ndiyo ungeianza nayo. Moyo wangu umelegea kidogo. Kidogo tu.

#26 Dodoma Moja

Mnachanganya. X imefungwa toka uchaguzi, sasa anabishana vipi huko?

#27 Karani Mstaafu

X ilizuiwa kabla. Ni Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa. Tarehe 29 Oktoba ilikuwa intaneti yenyewe. Wanaoingia X tangu Mei wanatumia VPN, programu ya kupita kizuizi, nayo tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka isajiliwe. Mleta mada, kama yeye anatumia na bando mnachangia, jueni mko wote.

#28 Mpangaji wa Msewe

Kila mtu na laini yake. Ila nimekusikia.

#29 Wakili Mdogo

Mawili ya haraka. Kwanza mkataba wa pango una jina la nani? Kama ni lako peke yako, yeye ni mgeni wako kisheria, na deni la kodi ni lako. Kama ni majina mawili, huwezi kumtoa, unaweza kutoka wewe tu. Wengi wanagundua hilo wakiwa wameshagombana.

Pili, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Swali lake la kwanza ni kama mtu anaweza kutambulika, si kama ametajwa jina. Binamu alimtambua kwa jiwe. Sisemi mna kesi, na mimi binafsi nisingempeleka rafiki yangu huko. Nasema ile "sikumtaja jina" si kinga kama anavyofikiri.

#30 Kinyume Nyume

Wakili, kwa hesabu hiyo hata huu uzi una shida. Mleta mada ametusimulia habari za mwenzake: vyumba viwili Msewe, zabuni, tafsiri, bomba la jikoni. Anayemjua ameshamtambua. Na mama kasimuliwa tena hapa, jiwe na bakuli la uji vyote. Aliomba ruhusa?

#31 Kijiko cha Chai

Duh.

#32 Nyanda wa Kahama

Sasa #30 hapo umepiga penyewe.

#33 Mpangaji wa Msewe

Nimesoma #30 mara tatu. Sikumuomba mama ruhusa. Nilikuwa na hasira na nilitaka mtu anisikilize. Nampigia sasa hivi.

#34 Fundi Luku Tabata

Wakati mleta mada yuko kwenye simu, niseme jambo. Wabishi wana faida. Nina mteja alikuwa na mwenzake wa hivyo hivyo, akagoma kununua umeme, anasema kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) kuna kodi ya jengo na yeye jengo si lake. Wakamcheka mtaa mzima, kwamba anagombania elfu moja.

#35 Karani Mstaafu

Elfu moja ilikuwa 2021 ilipoanza. Tangu Julai 2023 ni elfu moja mia tano kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida.

#36 Fundi Luku Tabata

Sawa mzee, 1,500. Na alikuwa na haki. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, mpangaji akiikatwa anatakiwa arudishiwe kwenye pango. Alimfuata mwenye nyumba na karatasi yake, kodi ya miezi sita ikapunguzwa elfu tisa. Wapangaji wengine wanne waliokuwa wanamcheka wakaenda na wao.

#37 Nyanda wa Kahama

Mimi hapa nalipa miaka na sijawahi kurudishiwa hata senti. Kesho naenda kwa mama mwenye nyumba.

#38 Msafiri wa Ruwi

Niko Muscat, Oman, tunalala sita chumba kimoja mtaa wa Ruwi: Watanzania watatu, Mkenya mmoja, Waganda wawili. Ingekuwa kila mmoja na siasa za kwao tungeuana. Tuna sheria moja tu tumeiweka wenyewe: ukishavua viatu mlangoni, mambo ya simu yamebaki kwenye viatu. Anayetaka kubishana anavaa anashuka chini barabarani, na kuna joto, kwa hiyo anarudi haraka. Mwaka wa pili huu, hatujagombana.

Mleta mada usianze na kuhama. Anza na mlango.

#39 Mbishi wa Zamani

Hiyo ya viatu ingeniokoa.

#40 Dodoma Moja

Mleta mada mrejesho bado? Siku ya pili leo.

#41 Mpangaji wa Msewe

MREJESHO. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa njiani, nimempeleka mama kliniki. Jicho la kulia linaona vizuri. La kushoto watamfanyia Februari.

Kwanza nilimwambia mama kuhusu uzi huu. Nikamsomea karibu wote, pamoja na salamu za shangazi wa Kalenga. Hapo alicheka, akataka kujua shangazi ni wa ukoo gani. Akasema ya hapa niyaache, ila nimuulize siku nyingine.

Nilivyorudi nilikaa na jamaa, simu zote mbili tukaziweka juu ya friji. Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini. Nilitegemea hoja. Akaniambia marehemu baba yake alikuwa mtendaji wa kijiji, huko huko nyanda za juu, miaka ile ile. Hajawahi kuniambia tangu tuko kidato cha kwanza. Kila watu wanapolaani ile operesheni yeye anamwona baba yake, mtu aliyemfundisha kusoma kwa gazeti la Uhuru. Akasema, "Mama yako alivyozungumza sikulala. Nilidhani nikiliandika litatoka kichwani." Nikamwambia, ungemwambia mama. Akasema aliogopa mama angemuuliza baba yake alikuwa wilaya gani.

Sijui kama hiyo inaeleza mambo ya bandari na mengine yote. Nilimuuliza, akasema hayo ni tabia tu imekua.

Alitaka kulifuta lile andiko mbele yangu. Nikampigia mama kwanza. Mama akasema lifutwe, halafu akaomba aongee naye. Wakaongea kama dakika kumi, jamaa anaitikia "ndiyo mama" tu. Nilikuwa jikoni, sikusikiliza. Alivyomaliza aliniambia mama ameuliza lile jina la baba yake, na amelijibu.

Kodi tumelipa miezi mitatu badala ya sita. Mwenye nyumba amenung'unika lakini amepokea. Jana usiku saa saba nimemsikia tena yuko kwenye spesi. Leo asubuhi nimeweka viatu vyangu mlangoni, sijasema neno. Vyake bado vilikuwa chumbani.

#42 Mama Wawili Tabata

Mwache mama amalizane naye. Wewe fuatilia Februari.

#43 Nyanda wa Kahama

Mimi bado nasema ana ndoto za tiki ya bluu. Ila pole kwa kumpoteza baba.

#44 Kinyume Nyume

Mwanaume mzima kabeba jambo la baba yake miaka yote hiyo, na ninyi mlikuwa mnatafuta bando na hela.

#45 Mbishi wa Zamani

Bando nalo limo, dada wa Singida. Baba alikuwepo na mchana pia, mbona mchana hakubishana?

#46 Mkwawa Junia

Mleta mada, hilo jiwe la kusagia liko wapi sasa hivi?

#47 Mpangaji wa Msewe

Liko kwa mama, nje ya jiko, upande wa kivuli. Halisagi tena, kuna mashine pale senta. Kuku wanalinywea maji mvua ikinyesha.

#48 Shangazi wa Kalenga

Mwambie aligeuze, linaharibika likikaa na maji. Na aniambie ni ukoo gani, nasubiri.

#49 Dodoma Moja

Mkishindwana mwezi wa tatu nijulisheni, natafuta chumba maeneo hayo. Niko kimya, nalala mapema.